Tabibu wa Bondeni Asiachwe Peke Yake

Leo nazungumzia tiba mtandao, yaani kumpata daktari kwa simu, kwa picha au kwa kompyuta pale ambapo gari na miguu havimfikii kwa wakati. Nitaizungumzia nikiwa na mahali pamoja kichwani: Muze, chini kwenye Bonde la Ziwa Rukwa.

Mtu wa Muze, Mfinga, Mtowisa au Ilemba hahitaji kuelezwa jiografia. Wewe unayenisikiliza ukiwa Tanga au Mtwara, nifuate kidogo. Mji wa Sumbawanga uko juu kwenye uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Katikati umesimama ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na barabara ya kutoka Ntendo kwenda Muze inauteremka kwa kona. Kwa hiyo mgonjwa anayepewa rufaa kutoka bondeni kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa anapandishwa karibu kilomita nzima kwenda juu, atoke kwenye joto la mpunga na ufuta aingie kwenye baridi ya mahindi na ulezi. Wakati wa kiangazi safari hiyo ni vumbi na uvumilivu tu. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni habari nyingine. Udongo unateleza, maji yanakata njia, na lori likikwama kwenye kona hapiti mtu, wa kupanda wala wa kushuka. Na huko chini kwenyewe, mito inayotoka mlimani ikijaa, kijiji na kijiji jirani vinaweza kutenganishwa kutwa nzima.

Sasa iweke zahanati katika hali hiyo. Zahanati ya kijiji ina tabibu, ina muuguzi mkunga, na ikibahatika ina mhudumu mmoja zaidi. Haina eksirei, haina benki ya damu wala chumba cha upasuaji, na kwa ngazi yake haitakiwi kuwa navyo. Ukiacha malaria, kikohozi, chanjo na kliniki ya mama na mtoto, kazi ngumu ya tabibu huyo ni kuamua: huyu namtibu hapahapa, huyu lazima apande. Akikosea upande mmoja, mtu anakufa mikononi mwake. Akikosea upande wa pili, familia inauza ng'ombe au magunia ya mpunga, inasafiri na mgonjwa na wa kumuuguza, inalala mjini, kisha inaambiwa kwamba dawa aliyohitaji ilikuwepo kwenye kabati la zahanati aliyotoka. Uamuzi huo anaufanya peke yake, mara nyingi usiku, na watu wamesimama dirishani wakimtazama.

Naamini faida kubwa kuliko zote ya tiba mtandao kwa watu wa vijijini ni kumwondolea mhudumu huyo upweke wake. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na faida nyingine zote zinafuata nyuma yake.

Tuchukue mfano. Tuseme ni Februari, saa mbili usiku. Binti wa miaka 19, mimba yake ya kwanza, wiki ya 34, analetwa kwa bodaboda na mama mkwe wake. Kichwa kinamuuma tangu asubuhi, macho yanaona ukungu, miguu imevimba hadi kandambili hazimwingii. Mkunga anamfunga mkanda wa presha: 170 kwa 110. Anatumbukiza kijiti kwenye mkojo, protini imejaa. Mkunga yeyote aliyefundishwa anajua kinachobisha hodi hapo, kifafa cha mimba. Anajua pia mwongozo unasemaje: mpe dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, ishushe presha, mpe rufaa.

Lakini chati iliyobandikwa ukutani haiulizwi maswali. Mkunga ana maswali. Sindano hii hajaichoma tangu alipotoka chuoni. Anaiogopa, na ana haki ya kuiogopa, kwa sababu ikizidi inaweza kusimamisha pumzi. Gari likichelewa mpaka usiku wa manane afanye nini? Mama akianza kukakamaa njiani, kwenye kona, gizani, nani atamshika?

Hapo anapiga simu Sumbawanga kwa daktari wa zamu wa wodi ya wazazi. Daktari hamwoni mgonjwa, ila anamsikia mkunga. Anauliza: ameshapata kifafa au bado? Mara ya mwisho amekojoa lini? Mtoto anacheza? Anamwambia agonge chini ya goti aone kama mguu unaruka. Unaruka, vizuri, choma. Anamtajia kiasi, anamtajia wapi pa kuchoma na kwa mwendo gani, kisha anamwambia: hesabu pumzi zake dakika nzima, uniambie. Mkunga anahesabu huku simu iko kwenye spika juu ya meza, karibu na trei ya sindano. Dakika kumi baadaye uso wa binti umelegea kidogo. Daktari anasema, mlete, tutakuwa tumejiandaa.

Msikilizaji, hapo hapakuwa na kioo kikubwa cha video wala roboti. Ilikuwa simu ya sauti, ya aina ambayo hata kitochi inaiweza. Lakini ujuzi wa daktari umeshuka mlima kwa sekunde, ukafanya kazi kupitia mikono ya mkunga. Na gari litakapofika, Sumbawanga wanajua nani anakuja, ameshapewa nini na saa ngapi. Wodi ambayo ingeanza kumuuliza binti jina na kijiji inaanza na matibabu.

Na gari lenyewe? Hapa nchi yetu ina jambo la kujivunia, na nalisema bila kusita. Tarehe 6 Aprili 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kitaifa mfumo wa m-mama, uliokuwa umejaribiwa kwanza kanda ya ziwa, Sengerema na Shinyanga. Mhudumu wa zahanati au ndugu wa mgonjwa anapiga 115, bure. Anayepokea anauliza maswali ya dalili, anaingiza majibu kwenye mfumo, na mfumo unatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Kama hakuna, unatafuta dereva wa kijamii, mtu mwenye gari lake aliyesajiliwa na kufundishwa, naye analipwa nauli yake kwa simu baada ya kumfikisha mama au kichanga. Familia haitoi nauli. Zamani mume alianza kuzunguka kijijini usiku kutafuta mwenye Noah, kisha kutafuta wa kumkopesha pesa ya mafuta. Saa zilizopotea katika kuzunguka huko zimeua wanawake wengi ambao hospitali ingewaokoa.

Niseme kwa uangalifu jambo la takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Kuna watu wanaoitundikia m-mama sifa yote ya kushuka huko. Si kweli, kwa sababu takwimu za utafiti ule zilikusanywa mwaka uleule m-mama ilipoanza kusambaa mikoani. Sifa ya kwanza ni ya vituo vya afya vilivyojengwa na kuwekewa vyumba vya upasuaji, ya wakunga, na ya akina mama waliokubali kujifungulia kituoni. Simu inafanya kazi vizuri pale tu ambapo upande wa pili kuna chumba cha upasuaji kilicho wazi. Nalisisitiza hili kwa sababu nimechoka kusikia teknolojia ikisifiwa kwa kazi ya watu.

Tugeukie upande wa pili wa uamuzi, yule asiyehitaji kupanda. Huyu hasemwi sana kwa sababu hafi. Ni mzee mwenye bakabaka lisilo na hisia kwenye ngozi, anayeogopa ukoma. Ni mama aliyefanyiwa upasuaji mwezi uliopita na ametakiwa kurudi ili kidonda kitazamwe. Ni bibi mwenye presha na kisukari ambaye kila mwezi anapanda kwenda kuulizwa hali na kuandikiwa vidonge vilevile. Kila mmoja wao anatoa nauli ya kwenda na kurudi, yeye na anayemsindikiza, na wakati wa palizi au wa kuamia ndege kwenye mpunga kila siku ya kutokuwepo shambani ina gharama yake. Wengine wanafanya hesabu hiyo kimyakimya na kuacha kwenda. Baada ya mwaka mmoja wao anakuja kuletwa akiwa amepooza upande mmoja.

Kwa wagonjwa hawa hata simu ya moja kwa moja si lazima. Picha ya kidonda au ya bakabaka, iliyopigwa kwenye mwanga mzuri wa asubuhi, pamoja na maelezo mafupi ya umri, muda wa ugonjwa na dawa alizokwisha kutumia, inatumwa jioni mtandao unapokaa sawa, na jibu linakuja kesho yake. Magonjwa ya ngozi yanafaa kabisa kwa njia hii. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho tangu miaka ya 1990 kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, na mtaalamu wa ngozi ni adimu kiasi kwamba mikoa mizima haina hata mmoja. Mgonjwa wa Muze hatafika Moshi, ila picha yake inaweza kufika. Napenda zaidi njia hii ya kutuma na kusubiri kuliko video, kwa sababu inavumilia mtandao dhaifu. Watu wa bondeni wanajua: mtandao upo chini ya mwembe ule, ukiingia ndani ya nyumba haupo.

Eksirei nayo inasafiri. Muhimbili na taasisi ya mifupa ya MOI, huko Dar es Salaam, zimeweka vitengo vya tiba mtandao ambavyo mabingwa wake husoma picha zilizopigwa hospitali za mikoani na kurudisha majibu. Kutoka Sumbawanga kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na Dar es Salaam ni zaidi ya 1,000. Aliyevunjika nyonga akisomewa picha yake bila kubebwa umbali huo, amepunguziwa maumivu ambayo hakuna anayeyaandika kwenye ripoti.

Ndugu msikilizaji, nataka turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna wanaodhani mambo haya yameletwa na simu janja. Huko Australia, mwaka 1928, mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege kwa wafugaji waliotawanyika nyikani. Fundi wake, Alfred Traeger, alitengeneza redio ya mawasiliano inayozalisha umeme wake kwa kupiga pedeli kwa miguu. Baadaye kila shamba la mbali likapewa sanduku la dawa zenye namba. Mama anaeleza dalili za mtoto redioni, daktari aliye mamia ya kilomita anamjibu: mpe namba fulani, kidonge kimoja, mara tatu. Hakuhitaji kujua kusoma jina la dawa. Kwetu Afrika Mashariki, madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, walijenga mtandao wa redio kutoka Nairobi uliounganisha hospitali za misheni za mbali, na mganga wa porini aliomba ushauri redioni kabla ya kuomba ndege. Na sisi Watanzania mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika kwenye vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi redioni, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Redio unayonisikilizia sasa imekuwa ikifanya kazi ya tabibu tangu kabla baadhi yenu hamjazaliwa.

Na hapahapa kwetu kuna jina ambalo kila mtu wa Sumbawanga analijua kutokana na hospitali ya kanisa iliyopewa jina hilo, Dkt. Atiman. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani. Mapadre Weupe walimkomboa, akasomea tiba Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, sehemu ambayo leo ni Mkoa wa Katavi. Alitibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 60. Nikimfikiria Atiman, baada ya ushujaa wake nafikiria usiku wake. Karema ile, mtu anatoka damu, na daktari mwingine wa kumuuliza yuko safari ya wiki nyingi kwa miguu. Alikuwa peke yake kwa sababu dunia ya wakati wake haikuwa na namna nyingine. Tabibu wa Muze leo ana namna nyingine, na akiachwa peke yake, sisi ndio tuliomwacha.

Sasa niseme yanayoniuma.

La kwanza ni bando. Wahudumu wengi wa vijijini tayari wanafanya tiba mtandao, ila hakuna anayeiita hivyo. Wanapiga picha kwa simu zao wenyewe, wanatuma kwenye kundi la WhatsApp la madaktari waliosoma nao, wanaomba ushauri, wanajibiwa na mwenye moyo aliye macho. Vocha ni ya mfukoni mwao. Simu ikiharibika, huduma imekufa. Serikali inanunua glovu, inanunua pamba, inanunua mabomba ya sindano, kwa sababu inaelewa hivyo ni vitendea kazi. Muda wa maongezi na bando navyo ni vitendea kazi. Viwekwe kwenye bajeti ya zahanati, kwa jina lake, kwenye mstari wake, na simu iwe mali ya zahanati, ibaki pale mhudumu akihama.

La pili ni upande wa anayepokea. Daktari wa zamu Sumbawanga ana wodi iliyojaa. Ukimwongezea simu za zahanati zote za bondeni bila kumpunguzia kitu, atazipokea wiki ya kwanza, wiki ya tatu simu italia mpaka ikate. Lazima kuwe na ratiba inayosema leo ni zamu ya nani kujibu vijiji, na saa hizo zihesabiwe kuwa kazi, ziandikwe, zilipwe. Nimeona mipango mingi mizuri nchini ikifa kwa sababu ilitegemea wema wa mtu mmoja, naye akahamishwa.

La tatu, kuna tabia ya kuanzia juu. Tunaunganisha hospitali kubwa na hospitali kubwa, tunakata utepe, kioo kikubwa kinawashwa, bingwa wa Dar es Salaam anamsalimia bingwa wa mkoa. Sipingi hilo, lina kazi yake. Lakini mwisho wa waya wenye faida kubwa zaidi ni ule wa zahanati ya mwisho, kule Kipeta, kule Kilyamatundu. Kama pesa ni kidogo, zianzie huko. Vilevile sioni busara ya kutengeneza programu za simu janja zinazomtaka mgonjwa mwenyewe ajisajili, apakue, alipie. Mwenye kitochi hana pa kuipakua. Huduma zilizotufaa ni zile nyepesi: Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, ilimtumia mama mjamzito ujumbe mfupi wa bure wa kumkumbusha kliniki na dalili za hatari, na namba 199 ya Wizara ya Afya inapigwa bure kutoka simu yoyote.

La nne ni siri ya mgonjwa. Picha ya titi lenye uvimbe, majibu ya vipimo, jina la binti aliyebakwa, vyote vinaweza kupita kwenye kundi lenye watu mia mbili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo ndani yake. Mhudumu afundishwe vitu rahisi: uso usionekane, jina lisiandikwe, picha ifutwe kwenye simu baada ya jibu, na mgonjwa aombwe ridhaa kabla kamera haijainuliwa. Kijijini siri ikivuja mara moja, watu hawarudi zahanati. Wanarudi kwa mganga wa kienyeji ambaye angalau hapigi picha.

Kuna jambo la lugha pia, ambalo wapangaji wa mjini hulisahau. Bondeni kuna kaya nyingi za wafugaji wa Kisukuma waliohamia na mifugo yao, na maboma yao yako mbali na katikati ya kijiji. Bibi wa boma lile huenda anasema Kiswahili cha sokoni tu. Mwulize kwa simu kifua kinauma namna gani, kinabana, kinachoma au kinachoma kisha kinaacha, hatakujibu, au atakubali kila kitu kwa adabu. Anahitaji mtu aliyekaa naye kwenye kigoda, anayejua lugha yake na anayejulikana na mwanawe. Mtu huyo ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwaajiri wahudumu hao 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Kwa maoni yangu mpango huo ndio nguzo ya tiba mtandao vijijini, kuliko mnara na kuliko kompyuta. Atakayechaguliwa bondeni awe wa bondeni, na katika kila kijiji chenye wafugaji apatikane anayesema Kisukuma.

Mnara nao unahitajika, siukatai. Mei 2023 mikataba ilisainiwa Dodoma ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ambapo mnara umesimama, swali linalofuata ni umeme: jenereta ikizimika, au sola ikichoka siku za mawingu, mtandao unaondoka usiku uleule wenye mvua ambao mgonjwa anauhitaji. Kampuni za simu zidaiwe huduma ya usiku wa masika kwa uzito uleule wa huduma ya mchana wa kiangazi.

Na sasa mipaka ya yote niliyosema, kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa na tumaini la uongo. Simu haibebi damu. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua anahitaji chupa ya damu na mikono, na vyote viwili viko juu ya mlima. Simu haileti dawa ambayo haipo kabatini. Daktari akisema choma magnesiamu na kichupa hakuna, mazungumzo yameishia hapo. Na simu haikarabati barabara. Nimesikia hoja, tena kutoka kwa watu wenye nia njema, kwamba tiba mtandao itapunguza haja ya barabara na ya kuajiri madaktari vijijini. Naikataa kabisa. Bonde hili lina watu, lina chakula, lina samaki, na Mkoa wa Rukwa ulihesabiwa kuwa na watu 1,540,519 mwaka 2022, kutoka milioni moja na kidogo miaka kumi kabla. Watu wanaoongezeka kwa kasi hiyo wanastahili barabara inayopitika mwaka mzima na wanastahili mashauriano ya simu. Kimoja hakilipi deni la kingine.

Hata madaktari bingwa wanaopelekwa kwenye halmashauri kwa kambi za siku chache, jambo ambalo wananchi wamelipokea kwa furaha na foleni ndefu, wanatufundisha hili. Bingwa anakuja, anaona mamia, anafanya upasuaji, anaondoka. Wiki mbili baadaye mgonjwa wake ana swali. Kama bingwa yule aliacha namba na kuna utaratibu wa kumfikia kupitia tabibu wa zahanati, kambi ile inaendelea kuzaa matunda miezi sita. Kama hakuacha, imekwisha siku gari lake lilipowasha injini. Utaratibu huu hauna gharama kubwa. Uandikwe kwenye mpango wa kambi kabla ya safari.

Waheshimiwa madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, mnapokaa kupitisha bajeti, tafuteni mstari wa mawasiliano ya zahanati. Kama haupo, msipitishe mpaka uwepo. Uongozi wa hospitali, wekeni zamu ya kujibu vijiji na mtangaze namba yake. Ninyi matabibu na wakunga wa bondeni, pigeni simu mapema, msione haya kuuliza. Daktari aliye muungwana hamcheki anayeuliza saa nane za usiku kwa ajili ya uhai wa mtu.

Na wewe msikilizaji wa Muze, chukua simu yako sasa hivi uandike namba mbili: 115 kwa mama mjamzito, aliyejifungua au kichanga aliye hatarini, na 199 kwa ushauri wa afya. Zote ni bure. Kisha mkutano wa kijiji ujao ukiitishwa, nenda, nyoosha mkono, muulize mtendaji mambo matatu: zahanati yetu ina simu yake ya kazi? Vocha yake inalipwa na nani? Namba ya daktari wa zamu Sumbawanga imebandikwa ukutani? Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na mkutano unaofuata yasomwe mbele ya watu.